Kabla Hujaposti Huyo Kinyonga, Soma Hii Historia

Leo sina mambo ya mziki wala mechi. Leo naungama.

Mwaka jana nilikuwa natoka kwa rafiki yangu Kileleshwa, jioni, mvua ndiyo tu imeisha. Kwenye ua wa nyumba moja, pale matawi yanapomwagika mpaka kando ya barabara, nikaona kinyonga. Si kinyonga wa kawaida. Dume, kijani kibichi, pembe tatu usoni kama kifaru aliyezidishiwa. Jicho moja linaniangalia mimi, lingine linamfuata nzi. Nikatoa simu, nikapiga picha kama arobaini, moja ikatoka safi kabisa. Nikaiposti papo hapo. Na kwa sababu nilikuwa na raha, nikaweka kila kitu: jina la barabara, rangi ya geti, mpaka upande wa ua.

Siku mbili baadaye mtu nisiyemjua akaniandikia kwa inboksi. Hakusifu picha. Aliuliza, "Wako wangapi hapo?" Halafu akaongeza kwamba dume ni elfu mbili, na jike pia wanachukua. Nilicheka, sikujibu. Nikadhani ni mtu wa mchezo.

Wiki iliyofuata nilipita pale tena. Ua ulikuwa mtupu. Nikarudi usiku na tochi, maana kinyonga akilala rangi yake hufifia na tochi humshika haraka, hata watafiti huwahesabu hivyo. Hakuna kitu. Soja wa geti akaniambia vijana wawili walikuja na tochi na katoni, wakasema wametumwa na mwenye ploti.

Mimi ndiye niliyewaelekeza, na sikuwadai hata shilingi.

Nilienda kumwambia mzee mmoja ambaye hutengeneza kamera River Road, ghorofa ya pili, kwenye chumba kidogo kilichojaa lenzi za kila miaka. Ndiye aliyenifunza kupiga picha kabla sijajua kwamba simu inaweza kufanya kazi hiyo. Nilidhani atanipa pole. Alifuta lenzi, akaniambia, "Kijana wangu, hiyo biashara haikuanza na simu yako. Nenda kasome."

Basi nimesoma. Na hii ndiyo hadithi niliyoipata, kwa sababu naona wengi wetu tunaopiga picha za wanyama hatuijui.

Ilianzia tulipo

Ukitoka River Road, ukashika Kirinyaga Road mpaka Globe, ukavuka kuelekea Kipande Road, ndani ya nusu saa hivi kwa miguu umefika Museum Hill. Pale ndipo ilipo Snake Park, ile ambayo karibu kila mtoto wa Nairobi amepelekwa na shule, akapiga mayowe mbele ya kioo, akarudi kwa basi akisema hakuogopa.

Lakini makumbusho yenyewe hayakuanzia kule. Mwaka 1909 walowezi na wamisionari waliopenda kukusanya wadudu, ndege na nyoka waliunda chama chao cha viumbe asilia. Mwaka 1910 wakapata nyumba ya kuweka mikusanyo yao, pale ambapo leo kuna Nyayo House. Ndiyo, Nyayo House ile ile ya pasipoti. Kabla ya foleni zetu, pale palikuwa na nyoka kwenye chupa.

Mwaka 1914 akaja kijana kutoka Wales anaitwa Arthur Loveridge kuwa mtunzaji wa hayo makumbusho. Nyoka na mijusi ndio waliokuwa wazimu wake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, akaingia jeshini, na hata kwenye kampeni ya Tanganyika aliendelea kukusanya. Wenzake wanakimbia risasi, yeye anageuza mawe akitafuta mijusi. Mwaka 1924 akaenda Marekani, chuo kikuu cha Harvard, na huko akawa mmoja wa watu wanaotajwa zaidi kwenye elimu ya nyoka na mijusi wa Afrika Mashariki.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Mtu anaanza kazi Nairobi, halafu maelfu ya viumbe vya huku vinaishia kwenye kabati za Harvard, na London pia, na Berlin. Leo Mkenya akitaka kuthibitisha kama nyoka aliyempata kwenye kilima cha kwao ni spishi mpya, huenda ikabidi amlinganishe na yule wa kwanza kabisa aliyehifadhiwa, na huyo wa kwanza mara nyingi yuko ng'ambo. Yaani unaomba ruhusa kwa jirani kuangalia picha ya mamako.

Makumbusho yakahama, yakapanda Museum Hill, yakafunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, gavana wa kikoloni. Louis Leakey alipoyashika miaka ya arobaini ndipo milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Na mwaka 1961 ikaanzishwa Snake Park. Hilo nalipa heshima yake. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Nairobi angeweza kumtazama bafe akiwa hai, uso kwa uso, bila panga mkononi.

Wakamata nyoka

Enzi hizo kukamata nyoka ilikuwa kama usanii. Kulikuwa na C.J.P. Ionides, askari wa zamani aliyewahi kuwa jangili wa pembe za ndovu, kisha akageuka kuwa ofisa wa wanyamapori Tanganyika, na mwishowe akajulikana dunia nzima kama mtu wa nyoka. Aliishi kusini, akikamata mamba wa kijani na vipiri wakubwa, akiwasafirisha kwa makumbusho na bustani za wanyama. Alifariki Nairobi mwaka 1968.

Kulikuwa na Jonathan Leakey, mtoto wa Louis, yule ambaye mwaka 1960 aliokota kule Olduvai mabaki yaliyosaidia kutambulisha Homo habilis. Wengine wangejenga jina zima juu ya mifupa ile. Yeye akaenda zake Baringo, akafuga nyoka na kuuza sumu yao kwa watengeneza dawa.

Na kulikuwa na James Ashe. Huyu alikuwa mtunzaji wa Snake Park yetu ya Nairobi. Mwaka 1968 ndiye aliyemweleza kisayansi kipiri wa msituni anayepatikana pande za Chuka, chini ya Mlima Kenya, mweusi mwenye madoa ya manjano kama taa za mji ukiuangalia ukiwa kwa ndege. Baadaye, mwaka 1980, yeye na mkewe Sanda walianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu. Ashe alikuwa ameshaona tangu miaka ya sitini kwamba swila mkubwa mtema sumu wa pwani si sawa na yule mweusi aliyezoeleka. Hakuna aliyelithibitisha wakati huo. Mwaka 2004 akafariki, na mwaka 2007 wanasayansi wakakubali: ni spishi tofauti, mkubwa kuliko swila watema sumu wote duniani. Wakampa jina lake, Naja ashei.

Inapendeza, nakubali. Lakini hebu soma majina yote kwa mpigo. Kinyonga wangu wa Kileleshwa anaitwa wa Jackson, jina la ofisa wa kikoloni aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Kipiri mdogo wa Aberdare na Mlima Kenya anaitwa wa Hinde, daktari wa serikali ya kikoloni. Kipiri mwenye pembe wa pande za Naivasha anaitwa wa Worthington. Yule wa Chuka anaitwa wa DeSaix.

Sasa jiulize nani alimwona kwanza. Ionides hakuwa na macho elfu. Wanakijiji ndio waliomletea habari kwamba kuna nyoka kwa mwembe wa fulani, naye akawalipa. Kila mkusanyaji alikuwa na wabeba mizigo, wapishi, watoto wa kijiji wanaolipwa senti kwa kila mjusi. Hao ndio waliojua shimo liko wapi, mwezi gani wanatoka, mti gani wanaupenda. Walilipwa, wakaenda nyumbani, na jina likaenda London.

Sisemi tubadilishe majina kesho. Nasema ule mpangilio ni wa zamani: wa huku anaonyesha, wa kule anachukua. Na mimi na posti yangu ya Kileleshwa niliingia kwenye kiatu kile kile. Tofauti ni kwamba yule mtoto wa kijiji angalau alipata senti.

Safari ya Hawaii

Hii ndiyo sehemu iliyonivunja mbavu, kisha ikaninyamazisha.

Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kule Oahu, Hawaii, aliagiza kinyonga kadhaa wa pembe tatu kutoka Kenya. Walikuwa wa aina ya Mlima Kenya, binamu za hawa wetu wa Nairobi. Safari ilikuwa ndefu, wakafika wamekonda, wamekauka. Jamaa akawaachilia kwenye bustani yake wapate nguvu. Unajua kilichofuata. Kinyonga si mbio, lakini hana haraka pia. Wakaingia kwenye miti ya jirani, wakazaana. Na kinyonga huyu hatagi mayai, anazaa watoto hai, wengi kwa mpigo. Leo wako kwenye visiwa kadhaa vya Hawaii, wakila konokono na wadudu ambao hawapatikani popote pengine duniani.

Huku nyumbani, uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na pembe ikafuata. Mwaka 1981 Kenya ikafunga kabisa biashara ya kuuza kinyonga hawa nje. Unadhani soko lilikufa? Wamarekani wakaanza kuwatoa Hawaii. Kwa miaka, mtoto wa Chicago aliyetaka kinyonga wa Kenya alinunua mjukuu wa wale waliotoroka kwenye bustani ya Oahu.

Wazee wetu katika jamii nyingi za Kibantu wana hadithi kwamba Mungu alimtuma kinyonga alete ujumbe kuwa binadamu hawatakufa. Akatembea polepole, akachelewa, mjumbe mwingine akafika kwanza na habari za kifo. Ndiyo maana shosho wengi hawataki kumwona uani. Mimi nikifikiria Hawaii naona hadithi imegeuka. Safari hii aliyeenda haraka ni yeye, na sisi ndio tuliochelewa.

Kimboza, na bei ya rangi nzuri

Kama Hawaii ni kichekesho, Kimboza ni msiba.

Kimboza ni msitu mdogo karibu na Morogoro, Tanzania. Mle ndani anaishi mjusi mdogo kuliko kidole chako cha kati. Dume lake ni bluu, bluu ya kweli, kama amechovywa kwenye wino. Aliyemweleza kisayansi mwaka 1952 ni yule yule Loveridge wetu wa Nyayo House. Kwa miaka hamsini hakuna aliyemsumbua. Kisha picha zikaanza kuzunguka, wafugaji wa Ulaya wakamwona, wakamtaka.

Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakusanyaji linakadiriwa kutoa mijusi kati ya 32,310 na 42,610 kwenye msitu huo. Kundi moja. Mjusi huyu hukaa kwenye mkadi wa msituni, mti wenye majani marefu ya miiba, na wakusanyaji wengine waliona kupanda ni kazi, wakaukata mti ili wamfikie aliye juu. Kwa hiyo alichukuliwa yeye, na nyumba yake pia. Mwaka 2016 mkataba wa kimataifa wa CITES ukampa ulinzi wa juu kabisa, yaani biashara ya waliokamatwa mwituni marufuku. Mkutano huo huo ndio Kenya iliomba ulinzi kwa kipiri wa Chuka na yule mwenye pembe wa Naivasha, na ikakubaliwa, kwa sababu nao walikuwa wameanza kuonekana kwenye masoko ya wafugaji wa Ulaya.

China yaliwahi kutokea makubwa zaidi. Mjusi mmoja alielezwa na wanasayansi mwaka 1999, pamoja na mahali alipopatikana. Wakusanyaji wakasoma karatasi ile ile ya kisayansi kama ramani, wakaenda, wakamaliza pale. Tangu hapo wanasayansi wengi huficha mahali halisi. Kama profesa anaficha, wewe na mimi tunaweka geti la rangi gani kwa nini?

"Lakini si hata wao walifuga?"

Nilipomsimulia rafiki yangu haya yote, alinijibu kitu ambacho sikuwa na jibu lake haraka. Alisema: "Leakey akikamata nyoka anaitwa mwanasayansi. Ashe akifuga nyoka anapewa jina la swila. Mimi nikiweka mjusi kwenye mtungi hapa Kawangware naitwa jangili. Eti ni nini kimebadilika?"

Ana pointi. Sitadanganya. Bila watu kufuga nyoka tusingekuwa na dawa ya sumu, maana dawa hiyo hutengenezwa kwa kukamua nyoka hai. Shirika la Afya Duniani linakadiria nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na mwaka 2017 liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Wengi ni wakulima na watoto wa mashambani, si watu wa maghorofa. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 iliwaweka nyoka wenye sumu kati ya wanyama ambao ukiumwa serikali inalipa fidia, baadaye wakaondolewa. Kenya bado inategemea dawa kutoka nje, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa mabara mengine. Kwa hiyo tunahitaji Wakenya wanaowashika nyoka, wanaowajua, wasiowaogopa. Hii kazi inafanyika hapa hapa magharibi mwa jiji: Karen, kwenye Msitu wa Oloolua, Taasisi ya Utafiti wa Nyani ina wanasayansi Wakenya wanaofuga nyoka na kuchunguza sumu yao.

Kilichobadilika ni hiki. Wakati wa Ashe, kumjua nyoka ilibidi umkamate. Kamera ilikuwa ghali, filamu ilikuwa ghali, na mtaalamu alikuwa mmoja Museum Hill. Leo picha moja nzuri ya simu, yenye tarehe na mazingira, inaweza kumwambia mtafiti kitu ambacho zamani kilihitaji chupa na dawa ya kuhifadhi. Nyoka anabaki kwake, wewe unabaki na picha, elimu inasonga. Sisi ni kizazi cha kwanza kinachoweza kukusanya bila kuchukua, na bado tunatumia nafasi hiyo kuwaelekeza wanaochukua.

Pia kuna sheria, na haichezi. Kufuga nyoka, kinyonga au kobe wa mwituni bila kibali cha KWS ni kosa. Kama unadhani wanajali ndovu na kifaru pekee, kumbuka 2025. Vijana wawili wa Ubelgiji, miaka 19 kila mmoja, walikamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi karibu 5,000 kwenye mirija. Sisimizi! Mahakama ikawapiga faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi 12 ndani. Walikuwa karibu rika letu, na wao pia walisema ni hobi.

Ninachofanya sasa

Ile posti niliifuta, ingawa ilikuwa na laiki nyingi kuliko zote nilizowahi kupata. Haikumrudisha mtu.

Sasa nikimpiga picha kinyonga au nyoka, nazima lokesheni ya kamera kabla. Natuma baada ya wiki kadhaa. Naandika "Nairobi", basi. Nikitaka picha isaidie utafiti naipeleka iNaturalist, ambako spishi zilizo hatarini hufichwa mahali pake halisi. Simguzi, sisogezi tawi, na nikiona kiota au mti wenye wengi, hata rafiki yangu simwambii. Nyoka akiwa ndani ya nyumba ya mtu, naita wanaojua, sichezi shujaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sitaki kuanza kushtuka.

Na kwa yule rafiki yangu wa Kawangware: Snake Park iko pale pale, nusu saa kutoka River Road. Nenda siku isiyo na mabasi ya shule. Uliza wahudumu kama wanachukua wa kujitolea. Wazungu walijenga majina yao kwa nyoka wetu kwa sababu walipata mlango wa kuingia. Mlango upo, na safari hii si lazima mtu abebe chochote akitoka.

Juzi nilimpelekea yule mzee wa kamera picha ya kinyonga mwingine. Jike, hana pembe, amekaa kwenye waya wa ua, rangi ya jani lililokauka. Akaishika karibu na dirisha, akaangalia muda mrefu. Akaniuliza, "Huyu umemwona wapi?"

Nikamwambia, "Nairobi."

Akacheka, akanirudishia simu. "Sasa umeanza kusoma."

Wewe je, umewahi kumwona wa pembe tatu mtaani kwenu? Niambie hadithi yake hapa chini. Ila mtaa usitaje.